Manesi wako wapi? Wadi imejaa mpaka korido na usiku nesi ni mmoja

Msee_wa_Rhonda (Nakuru)

Wasee habari za jioni. Naomba mtu anieleweshe kitu hapa juu kichwa inazunguka. Mamangu amelazwa na stroke hospitali ya serikali upande huu wetu, sitataja ni gani sababu sitafuti vita na mtu, na mchana kusema ukweli iko sawa, wanafunzi wa KMTC, kile chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wamejaa, daktari anapita na kundi lake, unaona watu wako kazi. Shida ni usiku. Wale wa mchana wakishatoka wadi nzima, na hapo uhesabu vitanda vya korido na wale wamelala wawili wawili, inabaki na nesi mmoja, siku ikiwa nzuri wawili. Juzi dripu ya mzee wa kitanda jirani iliisha damu ikaanza kurudi kwa mrija, kijana wake akaenda kumtafuta sista akampata amepiga magoti chini anainua mgonjwa ameanguka akienda choo, akamwambia nakuja. Na kweli alikuja, hakuwa na madharau hata kidogo, lakini hapo katikati sisi wote tulikuwa tunaangalia tu ile damu.

Sasa ile kitu inanichanganya ni hii. Kwa ploti yetu kuna msichana amemaliza unesi KMTC, leseni ya Nursing Council anayo, na anauza nguo za mitumba za watoto sokoni. Kama manesi hawatoshi huyu anafanya nini soko? Na huu upungufu ukiacha sisi kungoja ngoja unaharibu nini kingine? Nataka jibu la mtu anajua, siasa mniwachie.

Sista_K (Kisumu)

Ugua pole kwa mama. Mimi ni nesi, nimefanya wadi ya wanaume, ya watoto, saa hii niko leba. Nitajibu hiyo ya pili kwanza juu ndiyo watu hawaielewi.

Kungoja ndiyo kitu mgonjwa anaona. Ile kitu haonangi ni kazi ambayo haikufanyika kabisa. Chukua mama amejifungua salama, mtoto amelia, kila mtu amefurahi. Kitabuni huyo mama anafaa kuangaliwa kila dakika 15 kwa yale masaa mawili ya kwanza, unampima presha, pulse, unafinya tumbo usikie kama mji wa mimba umekaza, unafunua pedi uone damu ni ya kiasi gani. Hiyo ni mama mmoja. Mtoto naye anataka sindano ya vitamini K, dawa ya macho, apimwe uzito, awekwe kifuani anyonye ndani ya saa moja. Sasa kwa chumba cha pili kuna mwingine anasukuma, kuna wa tatu mapigo ya moyo ya mtoto unafaa kuyasikiliza kila nusu saa uandike kwa patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na kuna wa nne ameletwa na boda kutoka Nyakach presha iko juu sana. Uko peke yako na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Utaenda kwa nani? Utaenda kwa ule anasukuma, kila mtu angeenda hapo. Yule aliyejifungua salama anabaki amelala, anasikia usingizi, na usingizi wa mama amechoka na usingizi wa mama anapoteza damu kwa macho ni moja. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndiyo inaongoza kuua kina mama duniani, na dawa tunazo, oksitosini ya kukaza mji wa mimba tunayo, ile plastiki ya kupima damu chini ya mama nayo ilijaribiwa hapa Kenya, Naijeria, Tanzania na Afrika Kusini pamoja na matibabu ya haraka, na matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha damu nyingi ile ya hatari ilipungua kwa asilimia 60. Lakini plastiki haijisomi. Lazima mtu afike hapo kitandani aangalie.

Wadi ya wazee ni vile vile. Antibiotiki ya saa kumi na mbili inachomwa saa mbili na nusu. Mgonjwa wa stroke anafaa kugeuzwa kila masaa mawili, hageuzwi, wiki ya pili ako na kidonda mgongoni, kile kidonda kinaingia maambukizi, na mtu alikuja na stroke sasa analala mwezi mzima kwa sababu ya kidonda. Kitanda hakitoki. Mwingine anawekwa korido. Hapo ndipo unaona upungufu unazaa msongamano na msongamano unakula tena wale manesi wachache waliobaki.

Jogoo_la_Kondele

Sista sawa tumekusikia lakini tuambiane ukweli, kuna manesi wako na simu mkononi TikTok inaimba na mgonjwa anaita. Mimi nimejionea. Sio kila kitu ni upungufu, zingine ni madharau tu.

Sista_K (Kisumu)

@Jogoo wako hao, siwezi kukataa, na mimi mwenyewe huwa nagombana nao. Lakini ukiona mtu amefanya shifti ya usiku ya masaa kumi na mbili, kesho yake anaitwa tena juu mwenzake yuko maternity leave na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, huyo mtu moyo unakuwa ngumu. Na wengine ile simu ndiyo kikokotoo cha dozi na ndiyo tochi stima zikipotea. Si wote.

Imbako_254 (Vihiga)

Mulembe wote. Wacha niwaambie ya huku reserve juu nyinyi watu wa tauni mnaongea za wadi kubwa. Mimi ni mtu wa boda, nabeba wagonjwa karibu kila siku. Zahanati ya huku kwetu nesi ni mmoja. Mmoja! Huyo ndiye anapima wamama wajawazito, ndiye anachanja, ndiye anapeana dawa, anafunga vidonda, anaandika ripoti ya mwisho wa mwezi, na akimaliza ndiye anapanda pikipiki yangu tukafuate chanjo sub county na kale kasanduku ka barafu. Siku ameenda kufuata chanjo zahanati imefungwa. Siku ako semina, imefungwa. Akiwa mgonjwa yeye mwenyewe, kufuli.

Alafu kuna hii ya chanjo ya surua, kachupa kamoja ni ka watoto kumi na kakishafunguliwa ni masaa sita tu kanatupwa. Kwa hivyo nesi akiona ni watoto wawili wamekuja anawaambia wamama rudini Jumatano mje wengi. Mama ametembea kutoka juu kule mlimani, Jumatano ni siku ya soko, harudi. Huyo mtoto amepotea hivyo na hakuna mahali imeandikwa ni sababu ya nesi mmoja.

Na watu si wajinga. Wakishaona kufuli mara mbili hivi hawaendi tena, mtu akiugua malaria ananiambia nipeleke moja kwa moja hospitali kubwa. Ndiyo maana hiyo wadi yenu imejaa mpaka korido. Malaria ya kumeza vidonge inalala kitanda cha mtu wa stroke.

KRCHN_bila_kazi (Bungoma)

Huyo msichana wa mitumba ni mimi haha. Sio mimi lakini ni mimi.

Nimemaliza diploma, nimefanya mtihani wa kaunsili, nimepata namba. Tangazo la kazi la kaunti likitoka unakuta nafasi chache na msururu wa waombaji, na kusema kweli bila kumjua mtu unaanza kuomba Mungu tu. Nilifanya lokam, yaani kibarua cha muda, kwa kliniki ya mtu binafsi, mshahara ukiutaja mbele ya fundi wa nyumba atakucheka, na unafanya kila kitu hadi kupiga deki. Wenzangu wengine walichukuliwa 2020 wakati wa korona kwa kandarasi za UHC, ule mpango wa afya kwa wote, miaka ikapita wakawa bado wanaandamana wapewe ajira ya kudumu, serikali kuu ilikuwa inasema nendeni kaunti, kaunti nayo ilikuwa inasema pesa zije kwanza.

Saa hii mimi niko darasa la Kijerumani, kiwango cha B1. Ndiyo, Kijerumani. Kenya ilisaini makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani Septemba 2024, na ya Uingereza ya wahudumu wa afya ilisainiwa Julai 2021. Mamangu aliuza ng'ombe moja ya maziwa nilipe hii kosi. Watu wakisema manesi wanatoroka nchi mimi huuliza, tunatoroka kazi gani? Ungeniajiri Webuye hapo ningeanza kesho asubuhi na gumboots zangu.

Mwangalizi_wa_Bajeti (Nakuru)

Hapo sasa ndipo penyewe. Msee wa Rhonda ulikataza siasa lakini jibu la swali lako la kwanza liko kwa bajeti, nivumilie.

Upungufu Kenya uko wa aina mbili na watu huzichanganya. Kuna kukosa watu waliosoma, na kuna kukosa nafasi za kuwaajiri waliosoma. Sisi tunaumwa zaidi na hii ya pili. Katiba ya 2010 iliweka hospitali za kaunti na zahanati chini ya kaunti, zikakabidhiwa 2013, kwa hivyo anayemwandika nesi wa wadi yako ni kaunti. Sasa kanuni za fedha za 2015 zinasema mishahara na marupurupu ya kaunti yasipite asilimia 35 ya mapato yake. Kaunti nyingi zishapita hapo zamani. Nesi akistaafu au akienda Uingereza, hiyo nafasi inaachwa wazi, kwa karatasi inaitwa kuokoa. Wakati huo huo jengo jipya linazinduliwa kwa utepe juu jengo ni pesa za maendeleo, haliingii kwa ile asilimia. Ndiyo maana mnaona zahanati mpya nzuri, rangi safi, tanki la maji, na hakuna mtu ndani. Mi hiyo inaniudhi kuliko hata wizi, sababu wizi unajua ni wizi, hii imefuata sheria yote.

Na msisahau 2017. Manesi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, karibu siku 150, na kabla yao madaktari walikuwa wamegoma siku 100. Wenye pesa walienda praiveti na za misheni. Wengine wakazalia nyumbani. Ukiuliza ule mgomo uliletwa na nini, makubaliano yalikuwa yamejadiliwa na hayakutekelezwa. Upungufu unafanya waliobaki wachoke, wakichoka wanagoma, wakigoma wengine wanaamua kuenda kabisa.

Jogoo_la_Kondele

Lakini bwana bajeti hiyo 35 si iko na wafanyikazi hewa na mabinamu ndani? Waondoe hao wapate nafasi ya manesi. Usitufanye kama pesa haiko.

Mwangalizi_wa_Bajeti (Nakuru)

@Jogoo hapo tunakubaliana mia kwa mia. Nimesema pesa imekaa pahali pabaya, sijasema haiko.

Diaspora_Mbale (California)

Nawasoma kutoka Sacramento, nyumbani ni Mbale Vihiga, @Imbako tuko jirani. Mimi ni nesi huku. Huku California kuna sheria, ilipitishwa 1999 ikaanza kazi 2004, nesi wa wadi ya kawaida hapewi zaidi ya wagonjwa watano, ICU ni wawili. Ukipewa wa sita unainua mkono na meneja analazimika kutafuta mtu. Na si huruma, ni hesabu. Kuna utafiti mkubwa wa hospitali za Pennsylvania ulitoka 2002 wa Linda Aiken na wenzake, walipata kila mgonjwa mmoja wa ziada wa upasuaji anayeongezewa nesi, uwezekano wa wagonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda asilimia 7. Mmoja tu wa ziada! Sasa mkiniambia mtu anashika wadi nzima na korido juu, hata sijui hiyo grafu ingeishia wapi.

Dunia nzima WHO ilihesabu manesi milioni 29.8 mwaka 2023 na pengo la milioni 5.8. Marekani na Ulaya wanaziba lao na watu kama mimi. Najua. Sitajifanya nimekuja huku kwa bahati mbaya.

KRCHN_bila_kazi (Bungoma)

@Diaspora hakuna mtu anakulaumu ndugu yangu. Ukisikia nafasi huko tuma inbox 😅

Sista_K (Kisumu)

Kitu kimoja hamjagusa na huku Nyanza kimetupiga sana. Wafanyikazi wengi wa kliniki za HIV, zile CCC, walikuwa wanalipwa na pesa za Marekani. Januari 2025 ile misaada iliposimamishwa, wengi waliambiwa wakae nyumbani, na wagonjwa wao wakaanza kuunganishwa na foleni ya kawaida ya outpatient. Sikatai kuunganisha, huenda kwa mbeleni ni vizuri. Lakini wagonjwa walikuja na wahudumu hawakuja nao. Mtu alikuwa amezoea kumwona mhudumu anayemjua kwa jina, anachukua dawa zake kwa siri, saa hii anapanga laini na jirani yake, halafu tunashangaa mbona hakurudi kliniki.

Msee_wa_Rhonda (Nakuru)

Jameni asanteni, nimesoma zote mara mbili. Sasa Sista niambie ya leo usiku. Mimi na dada yangu tunapokezana kukaa na mama. Ni nini tunaweza kufanya na ni nini tusiguse? Ana ule mpira wa kupitisha chakula kwa pua na katheta, ule mpira wa mkojo.

Sista_K (Kisumu)

Swali zuri kabisa. Kugeuza, hiyo ni yenu. Mwombe nesi awaonyeshe mara moja, mkono ule umekufa msiuvute jamani, bega linatoka. Kila masaa mawili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, mto katikati ya magoti, na mkigeuza mwangalie ngozi ya kiunoni kwa nyuma, visigino na nyonga. Ukiona pekundu au peusi pasipotoka ukifinya, sema hapo hapo usingoje raundi. Shuka likilowa likunjeni mtoe, ngozi yenye maji inachunika haraka. Mdomo msafishe hata kama hali kwa mdomo.

Kwa ile mipira. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kitanda lakini usiguse sakafu, na muandike umetoka kiasi gani na rangi gani, hiyo karatasi yenu itamsaidia nesi kuliko mnavyodhani. Chakula cha mpira wa pua msipitishe mpaka nesi ahakikishe uko tumboni na akubali mfanye nyinyi, na mama awe ameinuliwa kichwa na abaki ameinuliwa nusu saa hivi baadaye. Akikohoa au kubadilika rangi mkilisha, simamisha, ita. Maji au chai kwa mdomo, hapana, hata akiomba, mpaka apimwe kumeza. Kuna watu wamepoteza wazazi kwa kijiko cha uji walichopewa kwa upendo.

Gurudumu la dripu msiguse. Oksijeni msiguse. Na mtu akiongezewa damu hapo kando, zile dakika 15 za kwanza ndizo hatari zaidi, mkiona anatetemeka, anajikuna au analalamika mgongo, piga kelele kabisa, hapo adabu weka kando.

Na usiku ukimwendea nesi usimwambie tu "sista kuja". Mwambie ni kitanda gani na ni nini umeona. "Kitanda 14 anapumua kwa shida" atakimbia. "Kitanda 14 shuka limelowa" atakuambia shuka ziko kabati gani.

Imbako_254 (Vihiga)

Hii ya mwisho inafaa ibandikwe ukutani kila wadi. Na nauliza, sisi wa huku chini tunaweza sukuma nani tupate nesi wa pili? MCA wetu, yule mwakilishi wetu kwa bunge la kaunti, tukimuuliza anasema ni mambo ya gavana.

Mwangalizi_wa_Bajeti (Nakuru)

MCA ndiye anapitisha hiyo bajeti ya gavana kwa bunge la kaunti, kwa hivyo asiwazungushe. Makosa yetu ni kungoja Juni bajeti ikisomwa. Juni mambo yashaisha. Kuna karatasi inaitwa CFSP, ya mpango wa fedha wa kaunti, kaunti inafaa kuipeleka bungeni kufikia 28 Februari, hiyo ndiyo inagawa kila idara ipate shilingi ngapi, na makadirio yenyewe yanapelekwa kufikia 30 Aprili. Vikao vya umma vinafanywa kabla, lakini mara nyingi tangazo linabandikwa kwa ofisi ya wadi ya uchaguzi na gazetini halafu watu wanaokuja ni wale wa kuomba barabara na taa. Kila mwaka ni barabara. Nendeni na kamati ya zahanati, muende na rejista, muonyeshe ni siku ngapi mlango ulifungwa mwaka huo na ni watoto wangapi walirudishwa bila chanjo, na muulize swali moja tu: nafasi za manesi zilizoachwa wazi kwa hii sub county ni ngapi na mwaka huu zinajazwa ngapi. Liandikwe kwa maandishi lipigwe mhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala.

Imbako_254 (Vihiga)

Rejista anakaa nayo nesi. Nitamuuliza kesho, namchukua saa moja asubuhi tukafuate chanjo.